Nani Anabeba? Kuvielewa vibanda vya milima ya Alpi

Mdogo wangu ni mgumu. Kwa asiyejua, ndivyo wanavyoitwa kule Kilimanjaro vijana wanaobeba mizigo ya wageni: mahema, majiko, mayai, mitungi ya gesi, kilo 20 kwa kila mtu pale sheria inapofuatwa. Siku moja nilimtumia picha kutoka huku ninakoishi, kusini mwa Ujerumani. Ni kibanda cha kulala wapanda milima ya Alpi: nyumba ya mawe ya ghorofa tatu imekaa juu ya jabali, mbao za madirisha zimepakwa rangi nyekundu, nyuma yake ukuta wa theluji. Nilitegemea aniulize baridi ilikuwaje. Akaandika: "Kaka, hapo nani anabeba?"

Nikamjibu kwamba kila mtu anabeba begi lake. "Na chakula?" Kinapikwa hukohuko. "Kimepandaje?" Kwa helikopta. "Na maji je? Na choo kinamwaga wapi?" Tukaendelea hivyo hadi usiku, na kadiri nilivyomjibu ndivyo nilivyoona kwamba maswali yake ya kikazi yanafungua mambo yote ambayo wageni wa vibanda hivi huyalalamikia. Kwa nini chupa ya maji inauzwa ghali hivi? Kwa nini jioni kuna chakula cha aina moja tu? Kwa nini hakuna bafu, na kwa nini taa zinazimwa saa nne usiku? Karibu kila jibu linaanzia kwenye mzigo.

Anayekuja kwa mara ya kwanza huwa na picha moja kati ya mbili. Ama anadhani ni hoteli iliyojengwa juu, afike na kudai chumba chake, taulo na Wi-Fi. Ama anadhani ni kama vibanda vya Mandara na Horombo kule Kilimanjaro, ambako unalala kitandani lakini mpishi, chakula na vyombo umekuja navyo na msafara wako. Picha zote mbili zitamwangusha.

Jina moja, nyumba za kila aina

Wajerumani na Waaustria husema Hütte, Wafaransa refuge au cabane, Waitalia rifugio au capanna, Waslovenia koča. Sisi tunasema kibanda, na neno hilo linadanganya kidogo. Kibanda cha Goûter, kilichoko mita 3,835 kwenye njia ya kawaida ya kupanda Mont Blanc, ni jengo lenye umbo la yai lililovikwa chuma cha pua, na lina nafasi za watu 120. Siku hiyohiyo unaweza kukutana na kingine chenye chumba kimoja na kitanda cha mbao cha watu wanane, nacho pia kinaitwa kibanda.

Tofauti ya kwanza unayopaswa kuijua ni kama kuna mtu ndani. Kibanda chenye mtunzaji hufunguliwa kwa msimu, kwa kawaida kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba, na vingine vya juu hufunguliwa tena kati ya Machi na Mei kwa ajili ya watu wa ski, yaani wanaoteleza juu ya theluji. Mtunzaji anaishi hapo, mara nyingi na familia yake na vijana wachache wa msimu. Ndiye mpishi, fundi bomba, mtabiri wa hali ya hewa, na wa kwanza kupigiwa simu mtu akipotea.

Msimu ukiisha anafunga jiko na kushuka, lakini vibanda vingi huacha chumba kimoja kinachotumika wakati wa baridi: kuni, jiko la chuma, mablanketi, sufuria, na kisanduku cha pesa ukutani. Unajipikia, unafagia, unapasua kuni za kuacha kwa atakayefuata, unaandika jina kitabuni na kutumbukiza malipo yako. Hakuna anayekutazama. Austria, vingi vya vyumba hivi hufungwa kwa ufunguo wa aina moja ambao mwanachama wa klabu ya milima huuazima kabla hajapanda. Asiyejua hilo hufika kwenye mlango uliofungwa huku nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri.

Halafu kuna bivako, na hiki ni kitu tofauti kabisa. Waitalia walianza kuzisimamisha miaka ya 1920: sanduku la bati au mbao lililofungwa kwa nyaya kwenye mwamba, vitanda vichache, mablanketi, basi. Hakuna maji, hakuna choo, hakuna kuweka nafasi, na mlango haufungwi mwaka mzima. Zimewekwa kwa ajili ya wapandaji walio mbali sana juu na kwa mtu aliyekwama. Kupanga likizo ya familia kwenye bivako ni kumnyang'anya kitanda mtu anayeweza kufika usiku akiwa ameumia.

Zipo pia nyumba za malisho. Wafugaji wa Alpi hupandisha ng'ombe majira ya joto na kutengeneza jibini hukohuko, na nyumba zao huitwa Alm, alp au malga. Baadhi huuza maziwa na supu, chache zina vitanda, nyingi hazina. Kwenye ramani zinaonekana kama nyumba nyingine yoyote. Mimi na rafiki yangu tuliwahi kupanga kulala kwenye moja kwa kuamini jina tu. Tulikuta ng'ombe arobaini hivi, mbwa mmoja, na mzee mkarimu aliyetukatia jibini na kutuonyesha njia ya kushuka. Tulitembea saa mbili gizani kwa tochi za kichwani. Tangu siku hiyo sipandi bila kuwa nimeongea na mtu wa nyumba ninayokusudia kulala.

Nyumba hizi ni za nani

Kilimanjaro vibanda ni mali ya hifadhi. Huku vingi ni mali ya vyama vya wananchi. Klabu ya Uswisi ina takriban vibanda 150, ya Austria zaidi ya 200, ya Ujerumani zaidi ya 300, na vingi vya hao Wajerumani viko Austria. Ndani ya kila klabu kuna matawi ya miji: tawi la mji fulani ulio tambarare kabisa linamiliki nyumba kwenye mita 2,500, na wanachama wake hupanda wakati wa likizo kwenda kupaka rangi na kuziba paa bila malipo. Mtunzaji hukodi nyumba kutoka kwa tawi hilo. Vingine ni vya watu binafsi, na hivyo mwenye nyumba ana uhuru zaidi wa bei na taratibu.

Kabla ya klabu walikuwako watawa. Kwenye kipito (njia ya kuvukia milima) cha Great St Bernard, mita 2,469, kati ya Uswisi na Italia, Bernard wa Menthon alianzisha nyumba ya wasafiri karibu mwaka 1050, na watawa wapo hapo hadi leo, na wageni bado wanalala. Ndipo walikotokea wale mbwa wakubwa wa uokoaji. Barry, aliyeishi kati ya 1800 na 1814, anasifiwa kwa kuokoa zaidi ya watu 40, na mwili wake uliohifadhiwa uko kwenye jumba la makumbusho mjini Bern.

Klabu zilikuja kwa sababu nyingine. Ya London ilianzishwa mwaka 1857, ya Austria 1862, ya Uswisi na ya Italia 1863, ya Ujerumani 1869, ya Ufaransa 1874. Waswisi hawakungoja: mwaka huohuo wa 1863 walijenga kibanda chao cha kwanza, Grünhorn, chini ya mlima Tödi. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Kilele kiko mbali mno kwa siku moja kutoka bondeni, na theluji hubeba mguu wa mtu usiku tu, ikiwa imeganda. Jua likipanda inakuwa uji na mawe yanaanza kuanguka. Kwa hiyo weka nyumba nusu ya njia. Mtu apande mchana, alale mapema, aondoke saa tisa usiku. Vibanda vingi vya juu vipo pale vilipo kwa ajili ya hesabu hiyo, na ratiba yao ya usiku inatokana nayo pia.

Hapa naomba nichepuke, kwa sababu historia hii inatugusa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1889, Mjerumani Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo alikuwa na Ludwig Purtscheller, mwalimu kutoka Salzburg na mmoja wa wapandaji hodari wa Alpi wa wakati wake, na kilele kimoja cha Mawenzi kinaitwa kwa jina lake. Leo kuna Purtschellerhaus kwenye mlima Hoher Göll, mita 1,692, na mpaka wa Ujerumani na Austria unapita katikati ya nyumba. Wajerumani ndio waliojenga vibanda vya mwanzo vya Kilimanjaro wakati wa ukoloni: Mandara kiliitwa Bismarck, Horombo kiliitwa Peters, majina ya wakubwa wa ukoloni ambayo nafurahi kwamba yalifutwa.

Mfano wa pili ni mzuri zaidi. Nyumba iliyo juu kuliko zote Ulaya ni Capanna Regina Margherita, mita 4,554, kwenye kilele kimojawapo cha Monte Rosa. Ilizinduliwa mwaka 1893, na Malkia Margherita wa Italia alipanda mwenyewe kuizindua. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, mpanda milima Mwitaliano, alikwenda Ruwenzori na waongozaji kutoka kijiji cha Courmayeur, akakipa kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, jina la malkia huyohuyo. Wawili kati ya waongozaji wale, César Ollier na Joseph Brocherel, walikuwa wamefika kilele cha Mlima Kenya na Mwingereza Halford Mackinder mwaka 1899. Mizigo ya Ruwenzori ilibebwa na wapagazi wa huko kwetu Afrika, Wakonjo wakiwamo. Majina ya akina Ollier yako vitabuni. Ya wapagazi, kwa sehemu kubwa, hayapo.

Jinsi mzigo unavyopanda

Turudi kwenye swali la mdogo wangu. Njia ni tatu. Kibanda chenye bahati kina barabara ya vumbi ya wafugaji, na gari la mtunzaji hufika mlangoni. Kisicho na barabara huenda kina kamba ya chuma ya mizigo: kreti linaning'inia na kuvutwa kwa mota kutoka bondeni, likiwa na unga, bia na mashuka machafu ya kushuka. Baadhi ya vibanda hukubali kuvuta begi la mgeni kwa ada ndogo, lakini mtu mwenyewe haruhusiwi kupanda humo. Kilichobaki kinategemea helikopta, na helikopta hulipiwa kwa dakika. Mtunzaji hupokea shehena kubwa mwanzoni mwa msimu, mamia ya kilo kwa kila mruko, na baada ya hapo huongezewa mara chache. Ukungu ukikaa siku tano, mboga mbichi zinaisha na watu wanakula tambi.

Ukilijua hilo, orodha ya bei inasomeka vingine. Kopo la soda halikupanda lenyewe, na likishaisha lazima lishuke. Ndiyo maana unaombwa uondoke na taka zako zote hadi bondeni, hata ganda la chungwa. Ndiyo maana pia chakula ni kimoja kwa wote: mtunzaji anapika kwa hesabu ya vichwa alivyoandika, hana ziada ya kutupa. Ukiwa huli nyama, au huli nguruwe, sema siku unapoweka nafasi. Usingoje sahani ifike. Austria na maeneo ya Tirol nyama ya nguruwe iliyokaushwa huingia hata ndani ya matonge ya mkate, mahali ambapo hungeitafuta. Ukisema mapema utapikiwa mboga bila shida. Na ukiwa upande wa Italia usishtuke ukiletewa polenta: ni ugali wa mahindi ya njano, laini kuliko wetu, pamoja na mchuzi au jibini. Mara ya kwanza niliuzungusha kwa vidole kabla sijakumbuka niko wapi, na mama wa jikoni akacheka kwa furaha.

Maji ndiyo habari yenyewe. Kwenye kibanda cha Kibo hakuna maji, yanabebwa na wagumu kutoka chini; mdogo wangu alilielewa hili haraka kuliko Mzungu yeyote niliyewahi kumweleza. Alpi pia, kibanda kilicho chini ya chemchemi kina maji, kilicho juu ya chemchemi zote kinayeyusha theluji, kama Goûter. Maji yaliyoyeyushwa hayana usalama wa kuandikiwa "ya kunywa", kwa hiyo kwenye mabomba utaona kibao kinachokataza, na utanunua maji ya chupa au chai ya mtungi. Bafu, pale lilipo, ni la kulipia na la dakika chache. Kwingine utanawa uso kwa maji yanayouma meno.

Umeme nao unatoka kwenye paneli za jua, betri, au kinu kidogo kwenye kijito. Kibanda kipya cha Monte Rosa, kilichofunguliwa mwaka 2009 kwa ushirikiano na chuo kikuu cha ETH cha Zürich, kilijengwa makusudi kuonyesha nyumba ya mita 2,883 inaweza kujitegemea kiasi gani kwa jua. Wengi hawana anasa hiyo. Soketi ni chache, foleni ya simu ni ndefu, beba pawabenki. Na beba pesa taslimu, kwa sababu mashine ya kadi huhitaji mtandao, na mtandao huko juu huja na kuondoka kama mawingu.

Jioni hadi alfajiri

Ukifika, usiingie moja kwa moja. Kuna chumba cha viatu. Humo unavua mabuti, unayaweka rafuni, unavaa kandambili. Vibanda vingi vinazo kapuni, za rangi na saizi zote. Chumba hicho kina harufu ambayo hutaisahau: ngozi iliyolowa, soksi, nta. Fimbo, kamba na vyuma vya kukanyagia barafu hubaki humo. Kisha unakwenda kwa mtunzaji na kutaja jina lako. Atakuonyesha bweni na nafasi yako.

Bweni ni godoro refu moja la pamoja, au vitanda vya ghorofa vilivyobanana. Mto na mablanketi yapo. Ndani ya mablanketi unaingia na shuka lako la kulalia lililoshonwa kama mfuko, jepesi, la pamba au hariri, na hilo ni lazima karibu kila mahali. Sababu unaijua sasa: kufua shuka mia moja kwa siku kunahitaji maji ambayo hayapo. Wanaume na wanawake hulala bweni moja. Kwa wengi wetu jambo hili linahitaji kuzoeleka, na asiyeridhika nalo aulize mapema kama kuna vyumba vidogo vya familia. Mara nyingi vipo, kwa bei ya juu kidogo.

Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili na nusu au saa moja, kwa wote pamoja, kwenye meza ndefu bwaloni. Usichague meza, mtunzaji hukupangia na watu usiowajua. Supu kwanza, kisha chakula chenyewe, kisha kitamu kidogo. Baada ya hapo yeye hupita meza kwa meza akiuliza kila kundi: kesho mnakwenda wapi, mnataka chai saa ngapi? Mjibu kwa ukweli. Anajua daraja lipi limechukuliwa na maji na kipito kipi bado kina theluji mwezi Julai. Bado utaandika kwenye kitabu cha wageni jina, ulikotoka na unakokwenda. Wageni wengi hudhani ni kumbukumbu ya kupamba. Mtu akipotea, waokoaji huanza na kitabu hicho.

Saa nne usiku, kimya. Nimelala kwenye bweni la watu ishirini na nne, na naweza kusema vizibo vya masikio vina thamani kuliko koti la pili. Wanaokwenda kilele huamka usiku wa manane, na mwenye adabu ameshapanga begi lake jioni, ili asipekue mifuko ya nailoni saa tisa usiku huku tochi ikimulika nyuso za watu.

Bei ya kitanda, chakula cha jioni na kifungua kinywa, kwenye njia maarufu kama ile ya kuzunguka Mont Blanc (takriban kilomita 170 kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi), mara nyingi huwa kati ya euro 60 na 80, na Uswisi huzidi hapo. Mwanachama wa klabu yoyote kubwa ya milima hupunguziwa kitanda, hata kwenye vibanda vya klabu za nchi nyingine, kwa sababu klabu hizo zina makubaliano ya kupokeana. Ukilala usiku kadhaa kwa mwaka, ada ya uanachama inajirudisha. Uanachama wa klabu ya Austria pia una bima ya gharama za kuokolewa, na ukijua kwamba Uswisi helikopta ya uokoaji hutozwa, utaona hilo si jambo dogo.

Kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki: Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha kwa nchi zote za Alpi. Simu ndiyo yenye mtego. Ukivuka kipito tu, laini yako inaweza kushika mnara wa Uswisi na kukutoza bei ya nje ya Umoja.

Ukija na baiskeli

Waendesha baiskeli wana njia zao za kuvuka Alpi, na moja inayofundisha mengi huanzia Ischgl, Austria. Unapanda bonde la Fimba kwa barabara ya changarawe hadi kibanda cha Heidelberg, mita 2,264. Bila kibao chochote cha maana umeshaingia Uswisi, kwenye nyumba ya klabu ya Kijerumani. Asubuhi unasukuma na kubeba baiskeli hadi kipito cha Fimber, mita 2,608, unateremka hadi bonde la Engadin, kisha unapanda tena kupitia korongo la Uina. Humo njia imechongwa ndani ya ukuta wa mwamba, kazi iliyofanyika kati ya 1908 na 1910: upana wa hatua moja au mbili, mwamba begani, shimo upande wa pili. Hapo baiskeli inasukumwa, haipandwi. Mwisho unatokea kwenye uwanda wa nyasi na kibanda cha Sesvenna, mita 2,256, ndani ya Italia.

Funzo lake ni kwamba kibao cha njia husema saa za mtembea kwa miguu, hakisemi kama tairi litapita. Uswisi rangi zinasaidia. Njano ni njia ya kawaida. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani inayotaka mguu imara. Nyeupe-buluu-nyeupe ni ya wenye ujuzi wa miamba na barafu, na huko baiskeli iache kabisa. Mtembea kwa miguu hupishwa siku zote. Mwenye baiskeli ya umeme apige simu kabla: kibanda kinachotegemea paneli chache hakiwezi kuchaji betri kumi kwa usiku mmoja na bado kiwe na taa jikoni. Wengine hukataa wazi, na wana haki.

Mlima unaobadilika

Vipito na vibanda vya sasa si vile vya kwenye ramani ya zamani. Kibanda cha Konkordia, Uswisi, kilijengwa mwaka 1877 juu kidogo tu ya barafuto (mto wa barafu) kubwa la Aletsch. Barafu imeshuka na kushuka, na leo kukifikia unapanda ngazi za chuma zaidi ya 400 zilizopigiliwa kwenye mwamba uliobaki mtupu. Kibanda cha Mutthorn kilifungwa mwaka 2021 kwa sababu mwamba ulio juu yake, uliokuwa umeshikwa na barafu ya ndani, umelegea. Agosti 2022 vibanda vya Goûter na Tête Rousse vilifungwa kwa muda kwa sababu ya mawe yaliyokuwa yakiporomoka kwenye njia. Mtu wa Moshi aliyekua akiitazama theluji ya Kibo ikipungua hahitaji kuelezwa uzito wa habari hizi.

Kwa hiyo taarifa ya mwaka juzi usiiamini. Piga simu. Klabu kadhaa hutumia mfumo mmoja wa mtandaoni wa kuweka nafasi, na ni rahisi, lakini sauti ya mtunzaji ndiyo itakayokwambia daraja liko au halipo. Panga kufika saa tisa alasiri, kwa sababu radi za majira ya joto hupenda kuja alasiri hadi jioni. Ukikwama, namba ni 112, na Uswisi 1414 kwa helikopta. Pasipo mtandao, ishara ni sita kwa dakika, za filimbi au za tochi, kisha dakika moja ya kimya, na kuanza tena. Atakayekusikia atajibu kwa tatu.

Na ukiahirisha safari, lazima useme. Hotelini chumba kisichofikiwa ni hasara ya pesa tu. Kule juu jina ambalo halikufika ni mtu ambaye huenda amelala chini ya mwamba na mguu umevunjika.

Niliona hili mwaka jana, kwenye kibanda kidogo upande wa Austria. Sahani zilikuwa zimeshaondolewa, mvua ya baridi inapiga bati, na mtunzaji, mama wa miaka hamsini hivi, alikuwa na majina mawili yasiyopigwa tiki kwenye daftari lake. Alipiga simu zao, haziiti. Akampigia mwenzake wa kibanda cha upande wa pili wa kipito: ndiyo, waliondoka saa tano asubuhi. Akavaa koti, akasimama mlangoni na taa kubwa, akiimulika njia na kuizima, akiimulika na kuizima. Sisi tuliokuwa bwaloni tukaacha karata. Hakuna aliyekwenda kulala ilipofika saa nne. Karibu saa nne na nusu, chini kabisa kwenye ukingo wa bonde, zikatokea tochi mbili ndogo, zikipanda polepole. Mama yule hakusema neno. Aliitundika taa msumarini, akapiga tiki mbili kwenye daftari, akarudi jikoni kuwasha jiko chini ya sufuria ya supu aliyokuwa ameibakiza.